Gari Iliyovaa Viatu vya Kaka Yake

Kwa kuwa yule bwana wa Vespa ameshaimwaga video ya gari yangu kwenye kila grupu la mjini, na tangu jana napigiwa simu mpaka kutoka Chake Chake, bora nieleze mwenyewe. Video ni ya kweli. Ila mambo hayakuanzia kwenye tuta. Yalianzia mdomoni mwangu.

Mnanijua. Barazani mie ndiye mwalimu wa rimu. Mtu akija na Toyota Altezza yake namkatia kauli juu ya ET, ile namba inayopigwa chapa kwenye rimu: "ET ikiwa kubwa rimu inatoka nje, ikiwa ndogo inakaa ndani." Nimesomesha hivyo miaka. Hakuna aliyebisha, nami sikuwahi kupima.

Basi muuzaji akanitolea seti mbili, zote inchi 18 kwa upana wa 8.5, matundu matano ya boliti kwenye duara la milimita 114.3 kama Altezza yangu inavyotaka. Moja imepigwa chapa ET38, nyengine ET15. Nikazitazama za 38, nikacheka. "Hizi zitatoka kama masikio ya popo." Nikabeba za 15, zikae ndani kwa adabu zake. Muuzaji akaninyamazia, akahesabu pesa.

Fundi alipozifunga zikachomoza nje ya madigadi, ungeweza kuweka kikombe cha kahawa juu ya tairi kisimwagike. Nikasema ndio mtindo wenyewe. Akaniuliza, "Ukingo wa ndani tuuviringishe?" Maana bati la madigadi kwa ndani limekunjwa, lina makali, na gari iliyoshushwa sharti ukingo ule ulazwe juu kwanza, rangi ikipashwa moto isipasuke. Nikamwambia wa nini, na rimu zenyewe zimeingia ndani? (Nyie mnaocheka, tulieni, bado.) Springi nilikuwa nimeshazikata mzingo mmoja na nusu. Siku mbili nikazunguka peke yangu, haikugusa kitu. Usukani ukitetemeka kidogo nikifika themanini, nikailaumu barabara. Kumbe tundu la katikati la rimu ni milimita 73.1 na habu ya Altezza, kile kitovu rimu inapofungwa, ni 60.1, na ringi za kujaza nafasi ile sikununua.

Jumamosi nikaombwa nimpeleke shangazi harusini Fuoni. Shangazi akaja na somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake. Somo akaja na dada yake. Watu wazima watatu nyuma, kila mmoja na heshima yake na uzito wake, na somo kapakata kapu la halua.

Gari ikakaa chini kama ngamia.

Mbele ya skuli kuna tuta. Nikapunguza, wallahi nilipunguza. Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka, nikashusha pumzi. Ya nyuma yakapanda. Hapo ndipo dunia ilipokwenda taratibu. Gari ikadidimia kwa nyuma, na nikausikia ule ukingo ukishuka juu ya bega la tairi la kushoto kama kisu juu ya embe bivu. Kwanza krrr. Kisha harufu. Shangazi akasema kwa upole, "Mwanangu, kuna kinachoungua?" Nikajibu, "Ni joto la barabara, shangazi." Moshi mweupe ukapita dirishani kwake. Akautazama ukipita, akanitazama mie kwenye kioo, hakusema neno. Na mie, badala ya kusimama, nikakanyaga mafuta tuvuke.

PAA!

Kapu likaruka. Nililiona kwenye kioo likipanda, likigeuka, likifikiri litue wapi. Likatua kwa shangazi, kifudifudi, juu ya buibui jipya. Halua ilikuwa bado ya moto moto, inanata. Dada wa somo akapiga mayowe kama kafiwa. Nyuma yetu daladala ikapiga honi, konda akatoa kichwa, akaiangalia gari kutoka tairi mpaka tairi, akatangaza barabara nzima: "Jamani! Gari imevaa viatu vya kaka yake!"

Na yule bwana wa Vespa, simu juu, anarikodi.

Mengine nayapitisha haraka. Spea ilikuwepo, lakini jeki haikupita chini ya gari niliyoishusha kwa mikono yangu. Vijana sita wakainyanyua. Shangazi na wenziwe wakenda harusini kwa daladala ile ile, na konda hakuwatoza nauli, alisema keshalipwa.

Usiku nikachukua penseli. Rimu ya kiwandani ni inchi 7, milimita 178. Nusu yake 89, toa ET50, kutoka habu kwenda nje zinabaki 39. Yangu ni milimita 216, nusu 108, toa 15, zinabaki 93. Tofauti 54. Karibu sentimita tano na nusu kila upande! ET ni umbali wa kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapokutana na habu, na ikiwa kubwa ndiyo inayovuta gurudumu ndani. Nikarudia mara tatu, jibu halikunionea haya. Kisha nikajitia ujinga wa kuzipigia hesabu zile za masikio ya popo: 108 toa 38 ni 70. Zingetoka milimita 31 tu kuliko za kiwandani, na kwa ndani zingesogelea shokapu kwa 7. Ukingo ukiviringishwa, zingekaa kama zimezaliwa pale.

Asubuhi nikampigia muuzaji. "Zile za 38 bado zipo?"

"Zimeshakwenda. Kachukua jamaa mmoja, Altezza yake ipo juu ya matofali, hizi siku anatembelea Vespa ya kuazima."

Sijaweka simu chini, ukaingia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nasikia spana na watu wanacheka. "Mwalimu, shikamoo. Tunazifunga hizi 38 hapa, tunakuuliza tu: hazitatoka kama masikio ya popo?"