12.40 ni wapi? Namna ya kusoma umbali kwenye data za reli

Fungua faili la data za reli za Uingereza, nenda kwenye safu ya umbali, utakutana na namba kama 12.40. Aliyezoea kilomita ataisoma kuwa kilomita 12 na mita 400. Anayejua kwamba reli za huko hupimwa kwa maili atasema ni maili 12 na sehemu nne za kumi. Mara nyingi wote wawili wamekosea: hapo pameandikwa maili 12 na cheni 40 (cheni ni kipimo cha zamani cha urefu, takriban mita 20). Maili moja ina cheni 80, kwa hiyo mahali penyewe ni maili 12 na nusu, yaani kilomita 20.117 kutoka sifuri ya njia hiyo. Msomaji wa pili amekosa kwa mita 161. Wa kwanza yuko zaidi ya kilomita 7 nyuma.

Wachoraji wa ramani huria, kama wale wa OpenStreetMap, hulazimika kuamua: wageuze kila kitu kiwe mita, au waache namba kama ilivyo kwenye nguzo za umbali kando ya reli?

Wanaotaka mita wana hoja nzito. Kompyuta haijui cheni. Toa 12.70 kwenye 13.05 kwa hesabu ya kawaida, utapata 0.35. Kwa cheni, jibu sahihi ni cheni 15, takriban mita 302. Isitoshe, Uingereza yenyewe haina mfumo mmoja: njia ya treni za kasi kutoka London hadi handaki la kwenda Ufaransa inapimwa kwa kilomita, na treni za chini ya ardhi za London vilevile. Programu inayochora njia hizi zote kwenye ramani moja inahitaji kipimo kimoja, la sivyo kila mtengenezaji ataandika kanuni zake za kubahatisha.

Hata hivyo, namba ya kwenye nguzo inafanya kazi ya anwani kuliko ya urefu. Sheria ya reli ya Uingereza ya mwaka 1845 iliagiza nguzo zisimikwe kila robo maili, na robo maili ni cheni 20 kamili. Ndiyo maana cheni, yenye yadi 22, imedumu: fundi anayetoa taarifa ya reli iliyopasuka huhesabu kutoka nguzo iliyo karibu. Ukimpa mita 20,117 hana pa kuanzia.

Ujerumani inaonyesha jambo hili vizuri zaidi, ingawa wao hutumia kilomita. Vibao vyao vina kilomita juu na mamia ya mita chini, na mahali huandikwa kwa mtindo wa 12,3+45, yaani kilomita 12, mita 300, kisha mita 45. Njia ikichepushwa na kurefuka, hawahamishi vibao vyote vya mbele. Wanaacha kipande kimoja kiwe kirefu kupita mita 100. Hapo unaweza kukuta 12,3+130. Mgeuzaji mwenye haraka ataandika 12.430, na atakuwa amefuta tofauti kati ya sehemu hiyo na 12,4+30, ambayo ipo mahali pengine kwenye njia ileile. Data ikishaharibika hivyo, hakuna hesabu ya kuirudisha.

Kwa sababu hiyo nawaunga mkono wanaohifadhi, kwa sharti moja: kipimo kitajwe waziwazi kando ya namba, na mita ziwekwe kwenye safu yake ya pili. Namba isiyo na kipimo haihifadhi chochote.

Hatari yake inaonekana vizuri kwenye mtindo mwingine wa Uingereza, wa maili na yadi zenye tarakimu nne. Maili 12 na nusu huandikwa 12.0880, maana maili ina yadi 1,760. Sasa fungua faili hilo kwenye Excel. Sifuri ya mwisho inamezwa: 12.0880 inakuwa 12.088, na 12.40 inakuwa 12.4. Mtu akisoma yadi 88 upande mmoja na cheni 4 upande mwingine, atapata mita 80 na nusu baada ya maili 12 kote kuwili. Anayelinganisha mafaili mawili ili ajihakikishie ataona yanakubaliana, kumbe yote yamekosa kwa mita 724. Safu hizi zisomwe kama maandishi tangu mwanzo, si kama namba.

Faili likikujia bila maelezo, tazama tarakimu baada ya nukta. Zisipopita 79 kwenye maelfu ya mistari, ni cheni. Zikiwa nne na zisipovuka 1759, ni yadi. Nguzo za robo maili nazo zinasema: .20, .40 na .60 ni cheni; .0440, .0880 na .1320 ni yadi; .25, .50 na .75 ni desimali ya kawaida. Faili lenye mistari michache halitoshi kwa vipimo hivi. Hapo tafuta stesheni au daraja lililomo humo ambalo mahali pake panajulikana, pima urefu wa njia hadi hapo kwenye ramani, kisha uone ni usomaji upi unaokaribia. Usipopata, iache namba ilivyo na uandike kwamba kipimo chake hakijajulikana.