Joho moja, Coaster nzima ya ndugu

Msimu wa mahafali ukifika, pita maeneo ya Mlimani City, Dar es Salaam, uone. Coaster zimepaki, akina mama wameshona sare ya kitenge, vigelegele haviishi, na katikati yao kijana mmoja kavaa joho, kavishwa mataji ya maua hadi shingo haionekani. Jioni picha zinapanda mtandaoni na maneno yaleyale: "wa kwanza kwenye ukoo wetu". Nami niliipiga ya kwangu. Lakini kila mwaka nikiziona hizo picha najiuliza sifa hiyo inamjenga nani na inamwelemea nani.

Wanaoshangilia wana hoja, tena nzito. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria tu na wanafunzi wasiojaza hata daladala. Enzi hizo mtu hakuwa na haja ya kujitangaza kuwa wa kwanza, maana karibu kila aliyekuwepo alikuwa wa kwanza kwao. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyemaliza Edinburgh mwaka 1952, alikuwa mtoto wa chifu asiyejua kusoma. Leo wajukuu wa wale wa mwanzo wanakaa ukumbi mmoja na mtoto ambaye kwao chuo kikuu ni kitu kinachosikika redioni. Wanafanya mtihani mmoja, na GPA haiulizi umetokea wapi. Aliyetoka mbali akifika, ana haki ya vigelegele.

Umbali wenyewe ndio haueleweki kwa ambao hawakuutembea. Watu wanadhani ni hela. Nilisoma msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza cha ubaoni, yaani kinachoandikwa halafu kinafafanuliwa kwa Kiswahili. Wiki ya tatu chuoni kundi letu likapangiwa kuwasilisha seminari. Nilikesha kwenye kimbweta, yaani benchi la kujisomea, nikiisoma mada hadi nikawa naiota. Nikasimama, nikamaliza ukurasa wa kwanza, swali la kwanza likaja, Kiingereza kikakauka mdomoni. Aliyeokoa jahazi ni dada mmoja wa kundi letu, mtoto wa "Ingilishi midiamu", ambaye mada ile hakuwa ameigusa hata kidogo. Alama tuligawana sawa, ila darasa zima liliondoka likijua nani ana kichwa.

Na si lugha tu. Nilimaliza muhula mzima bila kujua kwamba mhadhiri anafuatwa ofisini kwake na kuulizwa. Kwangu mimi mwanafunzi aliyeitwa ofisini alikuwa na kesi. Nilipopata sapu ya kwanza, yaani mtihani wa kurudia somo nililofeli, nilijua safari imeisha, nikaanza kufunga begi. Mwenzangu wa chumbani, ambaye dada zake wawili walishapita hapohapo, alicheka na kuniambia hata dada yake mkubwa aliwahi kuwa nazo tatu. Taarifa ya namna hiyo hainunuliwi. Ndiyo maana siafiki kulichanganya jambo hili na umaskini. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu hutazama umaskini: vyeti vya vifo vya wazazi, kaya zilizo kwenye TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Sawa kabisa. Lakini mtoto wa mfugaji mwenye ng'ombe mia tatu anaweza kulipiwa ada yote taslimu na bado akadisko, yaani akaondolewa chuo kwa kufeli, kwa sababu nyumbani hakuna hata mmoja wa kumwambia kozi inavyosomwa.

Sasa upande wa pili. Kuna wanaosema shangwe hizi zinadanganya, na kwa sehemu nakubaliana nao. Hadithi ya wa kwanza husimuliwa kama ushujaa wa mtu mmoja: alisoma kwa kibatari, akatembea kilomita kadhaa, akafika. Haisemi kwamba ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016 na ya cha tano na sita ikafuata 2022, wala kwamba Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ndiyo iliyomlisha. Mbaya zaidi, hadithi hiyo humgeuka aliyebaki kijijini: mbona fulani ameweza?

Halafu kuna mzigo. Mjomba wangu hajui nilisoma nini hadi leo, lakini neno "bumu" alilijua kabla ya wiki ya kwanza kuisha. Fedha hiyo ya mkopo ya chakula na malazi, ambayo tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500, kwa ukoo ni mshahara. Namfahamu aliyeezekea bati nyumba ya mama yake kwa bumu la mwaka wa pili, kisha akala mihogo ya kukaanga hadi muhula ukaisha. Tulimsifu sana. Matokeo yake ya muhula ule hakuna aliyeyauliza.

Ubishi wa nani anamdai nani si mpya. Mwaka 1964 Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda kuleta msaada. Asiporudi ni msaliti. Miaka miwili baadaye wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyotaka wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara, naye akawarudisha nyumbani kwa mamia. Mimi namwelewa Mwalimu, na wanafunzi nao nawaelewa, maana wengi wao walikuwa na kijiji kingine kinachowadai, kile walichozaliwa.

Hali hiyo ipo mpaka sasa. Serikali inakata asilimia 15 ya mshahara wa aliyekopeshwa, ingawa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021. Deni la serikali lina kontroli namba, na siku moja linaisha. La ukoo halina. Na hayo yote ni kwa aliyepata kazi: mwaka 2025 nafasi 1,596 za TRA, mamlaka ya mapato, ziliombwa na watu zaidi ya 100,000. Mwenzao aliyezaliwa kwa wasomi anasubiri ajira akiwa sebuleni kwa baba yake. Huyu wetu anasubiri huku Coaster nzima inamwangalia.

Kwa hiyo shangwe ziendelee, mimi sizipingi. Ninachopinga ni kuhesabu siku ya joho kama ndiyo mafanikio yenyewe, hasa vyuo vinapojipigia picha na hao wa kwanza bila kuwa viliwashika mkono mwaka wa kwanza, pale wanapopotelea. Ukitaka kujua wa kwanza amefanikiwa, mtazame wa pili.

Mwaka nilioomba mkopo, mama alizunguka siku nne akitafuta mdhamini: mtu mwenye kitambulisho kinachokubalika na asiyeogopa kusaini karatasi ya serikali. Alimpata muuza duka wa kijiji cha tatu. Mdogo wangu alipoomba, alinitumia fomu WhatsApp saa mbili usiku. Nikavuka barabara hadi steshenari, nikaiprinti, nikasaini penye neno mdhamini, nikamrudishia. Nilipofika nyumbani taarifa ya habari ilikuwa bado haijafika kwenye michezo.