Chungwa halikati dawa

Siku ya pili ya dozi yangu ya sipro, yaani antibayotiki ya siprofloksasini, mama aliingia chumbani akafanya mambo mawili kwa mpigo. Aliondoa sahani ya machungwa niliyokuwa nimemenyewa, akaweka kikombe cha maziwa ya moto. "Vitu vichachu vinakata dawa, mwanangu. Kunywa maziwa, hiyo dawa ni kali." Nikanywa. Mwenye homa atabishana vipi na mama yake?

Kumbe alikosea yote mawili.

Chungwa halina shida na sipro. Mwenye shida ni maziwa. Kalsiamu iliyomo hushikana na dawa tumboni, na kile kinachotokea hapo utumbo hauwezi kukifyonza vizuri, kwa hiyo sehemu ya dozi inaishia chooni. Umemeza kidonge kizima, damuni kimefika pungufu, na vijidudu vinashukuru. Tetrasaiklini, antibayotiki nyingine, nayo ina ugomvi huohuo na maziwa. Doksi, yaani doksisaiklini, ni ndugu yake, ila yeye ana nafuu kidogo. Vidonge vya kuongeza damu na zile dawa za kiungulia za kutafuna ndivyo vibaya zaidi. Ukiwa kwenye sipro, imeze masaa 2 kabla ya hivyo, au subiri masaa 6 baada ya kuvimeza hivyo.

Nahisi ushauri wa maziwa umetoka kwenye dawa ya mseto ya malaria, ambayo kweli hutakiwa kumezwa na kitu chenye mafuta: maziwa sawa, parachichi sawa. Halafu tukaubeba ushauri wa dawa moja tukaugawia kabati zima.

Na huo uchachu? Tumbo lako lenyewe lina tindikali kali kuliko chungwa lolote litokalo Muheza. Sikatai kwamba woga huu una chembe ya ukweli: penisilini za mwanzo ziliharibiwa na tindikali ya tumbo, ndiyo maana watu walichomwa sindano. Lakini amoksilini, iliyoingia sokoni mwaka 1972, inaivumilia. Imeze na ugali, imeze na papai, itafanya kazi yake. Wanaotaka tumbo tupu ni ampisilini na kloksasilini, lisaa limoja kabla ya kula au mawili baadaye, na hapo kipande cha embe ni chakula kama chakula kingine.

Tunda moja tu ndilo ninalolikalia mbali nikiwa kwenye dawa: balungi. Mwaka 1989 watafiti wa London, ile ya Canada, walikuwa wakipima kama pombe inaathiri dawa ya presha. Wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, na dawa ikapanda damuni kuliko walivyotarajia. Balungi huzima kimeng'enya kilichomo kwenye ukuta wa utumbo, kinachovunjavunja dawa kabla haijaingia mwilini. Katika antibayotiki, wa kumwangalia hapo ni erithromaisini. Na usifikiri kula balungi asubuhi na dawa jioni kutakuokoa, maana athari yake inaweza kukaa siku nzima.

Ndizi haina neno, ila kuna watu wanamezea dawa kwa ndizi badala ya maji. Kwa doksi, acha. Kapsuli ikinasa kooni inachoma kweli, utadhani umemeza kaa la moto. Glasi nzima ya maji, kisha usilale kwa nusu saa.

Sasa nije kwenye tunda linaloniogopesha kweli, na si kwa sababu ya dawa. Siku ya nne nilijikongoja hadi kituo cha daladala, nikamkuta kijana anauza tikiti la kukata. Kisu anakichovya kwenye ndoo, anakata, anakirudisha ndoo ileile. Maji yalikuwa yameshageuka rangi ya waridi, na juu yake zinaelea mbegu mbili na inzi mmoja. Pembeni yangu dada mmoja, bahasha ya dawa mkononi, akanunua kipande. Huenda anatibiwa taifodi, huenda la, lakini kama ni taifodi basi anameza dawa yake na kuinunua tena taifodi siku hiyohiyo. Mwenye kumenya machungwa alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Chungwa zima unaliosha mwenyewe, unalimenya mwenyewe, kwisha.

Kinachonikera ni dirisha la dawa. Nilipochukua zangu, mhudumu aliandika 1x2 kwenye bahasha, akasema, "Kula vizuri." Basi. Nikamwita, "Dokta, matunda je?" Akasema, "Wee kula tu," huku akimwangalia aliye nyuma yangu. Foleni ilikuwa ndefu, namwelewa. Lakini "kula vizuri" kwa mama yangu maana yake ni maziwa. Sentensi moja ya ziada, "hii usichanganye na maziwa", inachukua muda gani kuitamka?

Juzi mama kanipigia. Baba kaandikiwa doksi kwa ajili ya kidonda cha mguu.

"Maziwa nimeshamficha," akasema kwa fahari. "Na chungwa nimempa."

"Safi kabisa, mama."

"Kidonge kamezea chai."

"Chai gani?"

"Chai ya maziwa, mwanangu. Ya rangi haipendi, si unamjua baba yako?"