Kodi ya miezi sita, na mtu ndiyo kwanza ameshuka basi

Nimekuja Dar kutoka Songea, mchana nifanye kazi, jioni nisome. Nilishuka Mbezi Luis na begi moja na akiba niliyoiweka kwa miezi minane, nikiamini nina pa kuanzia.

Nikapata chumba kimoja Kimara, choo cha kuchangia, 70,000 kwa mwezi. Nikasema hiki nitakimudu. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. 420,000! Hapo dalali naye anadai kodi ya mwezi mzima, 70,000 nyingine, na alishachukua 10,000 ya kunizungusha kwenye vyumba vitatu, kimoja kikiwa kina mpangaji tayari.

Jamani, mimi nalipwa kwa mwezi. Ada ya chuo nalipa kwa awamu. Umeme wa LUKU nanunua hata wa 2,000. Kwa nini pa kulala tu ndipo palipiwe nusu mwaka kabla hujalala hata usiku mmoja? Najua wenye nyumba nao wana watoto shuleni na ujenzi ambao haujaisha. Lakini kijana anayeanza maisha, hali ikiwa ngumu hivi, hiyo 490,000 aitoe wapi?

Kwa sasa najibana kwa binamu yangu Gongo la Mboto. Kipindi kinaisha saa mbili usiku, daladala mbili, nafika wenzangu wamelala.

Jana nimemsihi yule mama mwenye nyumba apokee ya miezi mitatu. Kasema atanipigia.