Mgonjwa Akianguka Usiku: Ndugu Abaki Wodini au Atoke?

Muda wa kuona wagonjwa ukiisha, ndugu hutakiwa watoke. Kwa familia iliyomleta mzee wao Dodoma mjini kutoka Mpwapwa au Kongwa, wasiwasi huanzia hapo. Mzee ana presha, amepewa dawa ya kupunguza maji mwilini, akisimama ghafla anashikwa na kizunguzungu. Choo kiko mwisho wa korido, na muuguzi wa zamu ana wodi nzima.

Wanaotaka ndugu watoke wana hoja. Wodi ikijaa watu, maambukizi husambaa na faragha ya wengine hupotea. Ndugu hajafundishwa kumnyanyua mgonjwa. Wanaweza kuanguka wote wawili. Tena ndugu akishazoeleka wodini, nani atakuwa na haraka ya kuajiri muuguzi mwingine? Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi.

Hata hivyo, naegemea upande wa ndugu. Wagonjwa wengi huanguka wakiinuka kitandani au wakienda chooni, na huko ndiko aibu inakoingia. Mzee wa miaka sabini hamwiti muuguzi aliye rika la binti yake amshikie chombo cha kukojolea. Atajikongoja mwenyewe gizani, na kandambili zake, juu ya vigae. Mjukuu ni mtani wake; huyo atamwita bila haya.

Njia nyingine zina kasoro zake. Mgonjwa aliyechanganyikiwa huruka vizuizi vya kitanda na kuanguka kutoka juu zaidi. Ving'ora vya kitandani vilijaribiwa katika hospitali moja Marekani, na utafiti uliotoka 2012 haukuona vimepunguza kuanguka. Huko huko, tangu Oktoba 2008 bima ya serikali ya wazee, Medicare, haiilipi hospitali gharama ya ziada ya jeraha la kuanguka wodini. Wakosoaji wanasema woga wa hasara hiyo unafanya hospitali ziwaache wagonjwa wamelala tu kitandani, na misuli isiyotembezwa hulegea upesi.

Basi abaki ndugu mmoja, kwa mgonjwa aliye hatarini tu. Kipimo cha Morse, fomu ya kupima hatari ya mgonjwa kuanguka, kina vipengele sita: kama aliwahi kuanguka, magonjwa mengine, kifaa cha kumsaidia kutembea, dripu, mwendo na ufahamu. Hujazwa kwa dakika chache. Fomu zikionyesha nusu ya wodi inahitaji mtu wa kukesha nayo, zifike kwa mganga mfawidhi, aombe muuguzi wa pili akiwa na karatasi mkononi.