Umri wa pembea si hoja, hoja ni nani ana ruhusa ya kuizima

Sisi tuliohamia Uingereza tukirudi likizo na watoto, maneno huwa yale yale: mashine za kupanda na kubembea za Uingereza ni za kisasa, za nyumbani mitumba, bora mtoto apelekwe ufukweni akaogelee. Siafiki. Pale Blackpool, Uingereza, kuna rolakosta, yaani treni ya michezo inayopanda na kushuka kwa kasi, ya mbao, iitwayo Big Dipper, imefunguliwa mwaka 1923 na imevuka miaka mia ikiwa bado inabeba watu. Maonyesho yanayohama mji hadi mji nayo yamejaa mashine zilizokwisha kupita kwa wenye mali watatu wanne. Umri ungekuwa ndiyo hatari, Waingereza wangekuwa wamefunga nusu ya viwanja vyao. Tofauti ninayoiona mimi ni nani anaruhusiwa kusema "leo haiendi", na akisema kama anasikilizwa.

Kwanza tuelewane mashine yenyewe inavyofanya kazi. Mabehewa ya rolakosta ya kawaida hayana injini. Mnyororo huyavuta hadi kileleni, kutoka hapo yanashuka kwa uzito wake. Ule mlio wa ta-ta-ta unaowatia watu kiwewe wakati wa kupanda ni kipande cha chuma kinachoruka jino baada ya jino kwenye reli ya katikati. Mnyororo ukikatika, kinanasa kwenye jino na treni hairudi kinyumenyume. Magurudumu ni ya aina tatu: ya juu hubeba uzito, ya ubavuni huelekeza, na ya chini ya reli hulizuia behewa lisinyanyuke.

Reli nzima imegawanywa vipande, na mwiko ni kipande kimoja, treni moja. Mwisho wa kila kipande pana mahali pa kusimamisha treni, ndiyo maana reli ya vipande vitano haiendeshwi na treni zaidi ya nne: lazima kibaki kimoja kitupu cha kusogelea. Sensa, yaani vifaa vya kutambua kinachopita, huhesabu treni ikiingia na ikitoka, na kompyuta haifungui breki mpaka mbele kuwe wazi. Breki zenyewe kawaida yake ni kufunga. Hewa ya kompresa ndiyo inayozifungua, kwa hiyo hewa ikivuja au umeme ukikatika, zinabana. Aliyezoea mgao wa TANESCO ataona mara moja busara ya mpango huo.

Sasa angalia yaliyotokea kwenye kiwanja cha Alton Towers, Staffordshire, tarehe 2 Juni 2015. Rolakosta yao iitwayo The Smiler ilikuwa na miaka miwili tu, ina mizunguko 14 ya kichwa chini miguu juu, na ina kila sensa ya kisasa unayoweza kununua. Siku hiyo ya upepo mkali, treni tupu ya majaribio ilikwama bondeni. Kompyuta ikaizuia treni iliyofuata, yenye watu 16, kwa sababu kipande cha mbele hakikuwa wazi. Mafundi hawakuiona ile iliyokwama, wakadhani kompyuta imekosea, wakaipuuza na kuiachia treni kwa mkono, ikaigonga ile tupu. Watu wote 16 waliumia, wasichana wawili wakakatwa mguu mmoja kila mmoja, na uokoaji ukachukua zaidi ya saa nne. Mwaka uliofuata mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 5. Mashine ilikuwa imesema kweli. Haukuwepo utaratibu wa kumlazimisha fundi atembee kando ya reli, ahesabu treni kwa macho, na amwite mwingine ahakikishe kabla ya kugusa kitufe.

Orlando, Florida, Machi 2022, kisa ni kingine lakini mzizi ni ule ule. Kwenye mnara unaoangusha watu, mvulana wa miaka 14 alichomoka kitini akafa. Uchunguzi ulikuta sensa ya kiti chake ilirekebishwa kwa mkono, taa ikawa inawaka kuashiria salama hata pale chuma cha kifuani kinachomshika mtu kitini kilipoacha uwazi mkubwa kuliko kawaida. Mashine ilikataa, ikafundishwa kukubali.

Kwa hiyo huku Uingereza kunapokuwa kuzuri, uzuri wake umo kwenye mambo ya kuchosha. Alfajiri, kabla geti halijafunguliwa, mafundi hutembea reli yote. Wanaangalia magurudumu kama mpira wake umepasuka, pini kama zina klipu zake, nati kama zimesogea. Kwenye nati muhimu huchorwa mstari wa rangi unaopita juu ya nati na chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na hilo mtu huliona kwa tochi bila kushika spana. Kila kiti hufungwa na kuvutwa. Treni huzungushwa tupu mara kadhaa. Kisha fundi anasaini, mwendeshaji naye anakagua kivyake na kusaini. Fundi anayeingia eneo la reli huenda na ufunguo mfukoni, ili asiwepo wa kuiwasha mashine akiwa chini yake. Na kila mwaka anakuja mkaguzi wa nje, si fundi wa mwenye mali, chini ya mpango uitwao ADIPS. Bila cheti chake mashine haifunguliwi.

Nyumbani, kwenye mapembea ya sikukuu, mara nyingi kijana mmoja anakata tiketi, anafunga minyororo ya viti, anawasha mota na anafukuza watoto wanaokaribia uzio. Macho yake yako kwenye chenji. Huku anayepokea fedha hagusi mashine, na rolakosta nyingi haziondoki kituoni mpaka watu wawili waliosimama pande mbili wabonyeze kwa pamoja. Kumtenganisha mpokea pesa na mwendeshaji hakuhitaji kontena kutoka Ulaya. Kunahitaji mshahara wa mtu mmoja zaidi.

Hapo kuna jambo wenzangu wa ughaibuni hawalisemi. Kwenye viwanja vikubwa vya huku unalipa getini kwa siku nzima, hivyo mashine ikizimwa saa mbili kwa ajili ya upepo, pesa yako imeshaingia. Utanung'unika na kwenda kula chipsi. Nyumbani unalipa kwa kila mzunguko, na kila dakika ya kusimama ni hela iliyopotea, halafu wateja wanapiga kelele "tumeshalipa!" Kijana yule hana kifua cha kuwakatalia. Tiketi ingeandikwa kwamba inatumika mpaka sikukuu iishe, kelele zingepungua, na tajiri asingepoteza kitu.

Wala nisiwapambe Waingereza. Utasimama foleni saa nzima na zaidi kwa raha isiyofika dakika tatu, na mwenye pesa anauziwa njia ya mkato mbele ya macho yako. Hesabu yake ni rahisi: treni ya viti 16 ikiondoka kila sekunde 60 inabeba watu 960 kwa saa; ikichelewa sekunde 30 zaidi kila safari, kwa sababu ya mikoba, kofia na simu, inabeba 640. Kiwanja chenye akili kinaokoa sekunde hizo kwa kuweka makabati ya mizigo kabla ya foleni. Kisicho na akili kinamharakisha anayekagua vyuma vya mapajani. Na ile furaha ya Kariakoo ya Unguja siku ya Idi, watoto wa mtaa mzima kwa pesa ya mfukoni na bibi yao kivulini akishika viatu, huku sijaiona.

Kinachonitisha kuhusu pwani yetu hasa ni chumvi. Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, mkono wa mashine ya Fire Ball, iliyotengenezwa 1998, ulikatika ikiwa hewani. Mtu mmoja alikufa siku hiyo na saba wakaumia. Ilikuwa imekaguliwa na kuruhusiwa. Kutu ilikuwa imelila bomba kutoka ndani, nje rangi ikimetameta. Hiyo ni Ohio, mbali na bahari. Mabomba ya mashine inayolala nje Mombasa au Tanga mwaka mzima yanahitaji matundu ya kutolea maji sehemu za chini, na kipimo cha mawimbi ya sauti cha kujua unene wa chuma uliobaki. Rangi mpya kabla ya sikukuu haipimi chochote, tena inaficha ufa. Tanzania ina OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, chini ya sheria ya 2003, Kenya ina sheria yake ya 2007, na wakaguzi wa lifti, winchi na mitungi ya presha wapo. Jicho la kazi hii wanalo tayari, ila lazima wapewe kitabu cha mtengenezaji. Anayenunua mtumba bila kitabu hicho hajui nati inakazwa kwa nguvu kiasi gani wala pini inabadilishwa baada ya saa ngapi.

Mzazi naye asingoje mkaguzi. Chuma cha mapajani kinachoshirikiwa na watu wawili husimama kwenye paja nene kuliko yote, kwa hiyo mtoto aliye kando ya baba yake ana nafasi ya kuteleza chini, na aliyepakatwa hana kinachomshika ila mikono. Kivute mwenyewe kabla mashine haijaanza, kikiinuka, shukeni. Kwenye mashine za kuzunguka, mdogo akae upande wa katikati na mkubwa upande wa nje, maana mzunguko humsukuma kila mtu kwenda nje, na mzito akikaa ndani atamkandamiza mwenzake. Ukimwona kijana wa mashine anawapanga watu hivyo bila kuambiwa, kata tiketi.