Nusu Tembo kwa Chapati ya Tope

Masika yakishika Mbagala watoto hawatoki, na watoto wasiotoka hufungua biashara. Aprili 2025 wa kwangu na wa jirani walifungua duka barazani: chapati za tope, mchicha wa majani ya mpapai, na mafuta ya kupima ambayo yalikuwa maji ya bomba ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Mwenye duka alikuwa mtoto wa jirani, miaka sita, tunamwita Mangi kwa sababu hajawahi kumkopesha mtu.

Shida ilikuwa hela. Walikuwa wanalipana majani ya mwarobaini, lakini mti wenyewe uko uani na kila mtu anaufikia. Asubuhi chapati ni jani moja, jioni ni tawi zima. Nikajitolea kuwa Benki Kuu.

"Leteni maboksi matupu!"

Yakaja ya dawa ya meno, ya biskuti, ya majani ya chai, na kalenda ya mwaka jana juu yake. Vizibo vya soda nikavilaza kwa nyundo vikawa sarafu. Noti za buku mbili nikazipaka binzari, za elfu kumi nikazipaka hina. Utepe wa kung'aa nikauchuna kwenye pakiti ya sigara niliyoiokota kituoni. Lakini alama ya usalama hasa ilikuwa bamia: ukiikata kwa upana, ukaichovya kwenye wino na kuigandamiza, inaacha ua la pembe tano ambalo mtoto hawezi kuligushi kwa kalamu. Nimewahi kuona noti za nchi za watu mbaya kuliko zile.

Picha zilileta maneno. Nyerere ana buku yake, simba ana elfu mbili, kifaru tano, tembo kumi, na sheria haina utani na anayeiga noti za serikali. Nikatumia watu wa nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia, mvua ikamfungia kwetu, nami nikamchora kwenye buku kwa heshima zote.

Akavaa miwani. "Baba Asha, mimi ni wa buku?"

"Mama, hapo ndipo alipo Baba wa Taifa."

"Na huyu wa elfu kumi ni nani?"

Alikuwa jogoo wetu. Mabadiliko yakafanyika palepale, jogoo akashushwa cheo. Noti halali huwa na saini mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana, kwa hiyo Asha akasaini uwaziri, mimi nikasaini ugavana, kisha nikajilaza mkekani uchumi ukue wenyewe.

Nilipoamka duka lilikuwa limechangamka. Nikaagiza chapati moja, nikatoa elfu kumi yenye sura ya mama mkwe. Mangi akaikagua bamia kwa jicho moja, akaingiza mkono kwenye kopo, akanipa chenji: nusu ya tembo.

Nikamsifu aliyechora. Tembo alikuwa na mpaka mikunjo ya ngozi! Nikaipapasa, karatasi ilikuwa ngumu, ina mistari iliyoinuka inayokwaruza kidole. Nikaielekeza kwenye mwanga, na Mwalimu akanitazama kutoka ndani ya karatasi.

"Mangi, hii umeitoa wapi?"

"Kaleta Asha. Zilikuwa kwenye boksi la majani ya chai."

"Na nani kaikata?"

"Si ulitaka chenji?"

Elfu kumi ukiigawa kwa mbili unapata tano tano. Kihesabu huna pa kumshika.

Mke wangu ni mweka hazina wa kikoba chao. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake, lakini za wanaochelewa kuleta, sanduku likiwa limeshafungwa, yeye huziweka "mahali ambapo wewe hutapajua mpaka unaingia kaburini". Sasa nilikuwa napajua. Na angerudi kabla ya magharibi.

"Mangi, nirudishie za tembo zote."

"Hayo ni mauzo."

Nikaomba kubadilishiwa kwa noti za Bibi. Hapo akalegea, maana baba yake husikiliza redio kwa sauti kubwa. Benki Kuu ilitoa muda kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili watu warudishe noti za zamani, za 1985 hadi 2003 pamoja na ile ya mia tano ya 2010. Tembo wangu hawakuwamo, ila nenda kamweleze Mangi. "Hizi zimeisha muda," akasema kwa huruma. "Nakupa mbili kwa Bibi moja."

Biashara gani tena nzuri kuliko hiyo? Nikachapa Bibi wapya haraka haraka. Akawakataa wote: hawana ua. Bamia zilizobaki mama mkwe alishazitumbukiza kwenye mchuzi. Basi nikatoka na mvua yote ile mpaka gengeni, mtu mzima mwenye familia, kununua bamia za kutengenezea hela za uongo za kununulia hela za kweli.

Tembo wakarudi wote, baadhi vipande viwili, mmoja vipande vinne kwa sababu mteja alitaka nyanya za elfu mbili na mia tano. Nikawapanga kwenye sinia nikiwaunga kwa solotepu, mke wangu akaingia. Aliyoyasema tuyaruke, hapa wanasoma na watoto.

Kesho yake tulikwenda benki watatu: mimi, yeye aliyeishika bahasha, na mama mkwe ambaye hakuna aliyemwalika. Dada wa dirishani akawatazama tembo wenye bandeji.

"Imekuwaje?"

"Chenji ilikosekana."

Akahesabu vipande, akavilinganisha, akaandika andika. Akafika chini ya bahasha na kutoa noti nyekundu ya boksi la biskuti.

"Na hii?"

Mama mkwe akanisukuma kando, akasogeza uso kwenye kioo ili alinganishwe vizuri. "Hiyo ni elfu kumi, mwanangu. Nipatie za elfu tano mbili."